Jinsi ya kuhubiri hadharani bila kuvunja sheria (kwa kamati za mikutano ya injili na mihadhara)

Mvua zikikata tu mikutano inaanza, viwanja vya shule, stendi, pembeni ya soko, huku mkutano wa injili wiki nzima huku mhadhara wa mlingano wa dini (wa kulinganisha Uislamu na Ukristo), na kila mwaka yanarudi maswali yaleyale. Kibali tunaomba kwa nani? Mtu akisema Yesu si Mwana wa Mungu na Wakristo wapo wanasikia, kavunja sheria? Mchungaji akisema Muhammad si mtume je? Mtoto wa form two akija mbele anataka kuokoka na kwao ni Waislamu, tufanyeje? Naandika hapa kwa ajili ya watu wa kamati, wa kanisa na wa msikiti sawasawa, maana sheria ni hiyohiyo moja na inamkamata yeyote. Nimejikita Tanzania Bara. Zanzibar wana katiba yao, na kwa shughuli za Kiislamu kule Ofisi ya Mufti ina mamlaka makubwa chini ya sheria ya 2001, kwahiyo kama unavuka maji anzia pale.

Kabla ya barua na maspika soma ibara ya 19 ya Katiba, fupi tu, dakika tano unaimaliza. Inasema kila mtu ana uhuru wa imani na uchaguzi wa dini, pamoja na uhuru wa kubadilisha dini. Halafu inasema kutangaza dini, kufanya ibada na kueneza dini ni huru na ni jambo la hiari ya mtu binafsi. Hapo kuna watu wawili, wewe unayehubiri na yule anayehubiriwa, na uhuru wako unakutana na hiari yake, ukishika hilo mengine yote nitakayosema utayaelewa yametoka wapi. Na ibara hiyohiyo inaweka mipaka, kwamba haki hii inakwenda na taratibu za sheria kwa ajili ya usalama, amani, maadili na umoja wa taifa. Kwahiyo anayekwambia Katiba inaruhusu kila kitu hajaisoma mpaka mwisho, na anayekwambia kuhubiri hadharani ni kosa hajaisoma kabisa.

Sasa upande wa makosa. Kanuni ya Adhabu, sura ya 16, vifungu vya 125 hadi 129 ndo vinavyohusu dini. Kuna kuharibu au kunajisi mahali pa ibada au kitu kitakatifu kwa nia ya kutukana dini ya watu, kuna kuvuruga watu walio kwenye ibada, yapo ya makaburi na mazishi, na kuna kifungu cha 129 ambacho wahubiri wengi wamekamatwa nacho: kutamka neno, kutoa sauti, kufanya ishara au kuweka kitu mbele ya mtu kwa nia ya makusudi ya kuumiza hisia zake za kidini. Adhabu yake kifungo cha mwaka mmoja.

Yasisitize kichwani hayo maneno nia ya makusudi, maana ndiyo yaliyoamua kesi kubwa kuliko zote tulizonazo kwenye jambo hili, Hamisi Rajabu Dibagula dhidi ya Jamhuri. Huyu alikuwa mhadhiri wa Kiislamu, mwaka 2000 akiwa kwenye mhadhara wilaya ya Kilosa akasema kwamba Yesu si Mwana wa Mungu. Akashtakiwa kwa 129, mahakama ya wilaya Morogoro ikampa miezi 18, ambayo we mwenyewe ukihesabu unaona imepita kiwango cha kifungu chenyewe. Mahakama Kuu ikapunguza adhabu ila ikaacha hatia palepale. Akaenda Mahakama ya Rufani, na mwaka 2003 ikafuta hatia yote. Kwa kifupi mahakama ilisema kifungu cha 129 lazima kisomwe pamoja na ibara ya 19, kwamba mtu anayetangaza imani yake kwenye mkutano wa dini anatumia haki yake, na imani ya mmoja kupingana na imani ya mwingine hakujatosha kuthibitisha kwamba alikusudia kumuumiza. Waislamu hawaamini kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu, Wakristo hawaamini kwamba Muhammad ni mtume, ndivyo dini hizi zilivyo, ukiifanya kauli hiyo kuwa jinai basi umeifanya dini yenyewe jinai.

Hukumu hii kila kamati inapaswa kuwa na nakala yake, iprintini muiweke kwenye faili pamoja na barua za kibali. Naona uchungu nikikuta mhubiri anafundishwa vifungu vya adhabu na hajui kwamba kuna hukumu ya mahakama ya juu kabisa ya nchi inayomlinda.

Lakini msije mkaitumia kama ruhusa ya kutukana. Kutangaza unachoamini ni kitu kimoja, kumdhalilisha asiyeamini ni kingine. "Sisi tunaamini Yesu si Mungu na hizi hapa aya zetu" uko salama. Ukianza kuigiza namna wenzio wanavyosujudu, au kumwita mama wa Yesu jina chafu, au kuushika msahafu kwa dharau jukwaani huku watu wanacheka, hapo mwendesha mashtaka kazi yake umeshamfanyia, nia ya makusudi imeonekana kwa macho. Kipimo ninachowapa wahubiri ni hiki, sema kauli yako huku unamfikiria jirani yako wa dini ile nyingine amekaa mstari wa mbele na watoto wake. Je unamweleza kitu au unamcheka? Kama unamcheka iache.

Na haya siyo mambo ya nadharia. Februari 1998 pale Mwembechai Dar es Salaam polisi walikwenda kukamata watu waliodaiwa kukashifu Ukristo kwenye mihadhara, ikawa vurugu, risasi zikapigwa na watu wakafa. Oktoba 2012 Mbagala ugomvi ulianza na watoto wawili wakibishana kuhusu msahafu, mmoja akaukojolea, na ukaishia makanisa kuvamiwa na kuchomwa. Watoto! Kwahiyo mtu wa kamati anayesema ah maneno tu hayana shida, mkumbushe.

Haya, tuje kwenye maandalizi. Sheria ya Jeshi la Polisi inataka anayeitisha mkusanyiko wa hadharani atoe taarifa ya maandishi kwa polisi wa eneo saa 48 kabla, aseme mahali, muda na madhumuni. Msiingie kwenye ubishi kama mkutano wa dini unahusika au hauhusiki, andikeni tu, na msisubiri hizo saa 48, pelekeni wiki mbili kabla maana barua inapita mikono mingi. Njia iliyozoeleka ni kuanzia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kijiji, anagonga muhuri, inapanda kwa mtendaji wa kata, halafu inakwenda kwa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya. Kiwanja kama ni cha shule au cha halmashauri kina kibali chake pembeni, na cha mtu binafsi pateni kwa maandishi, siyo kwa simu, kwa sababu siku ya siku mwenye kiwanja akitishwa kidogo atasema hakuwajua.

Barua yenyewe iwe ukurasa mmoja. Kichwa andika TAARIFA YA MKUTANO WA HADHARA WA DINI. Ndani weka jina la taasisi na namba ya usajili, tarehe ya kuanza na kumaliza, saa ya kuanza na saa ya kumaliza (andika saa 12 jioni na mmalize saa 12 jioni kweli), jina la kiwanja, majina ya wahubiri wote, na namba za simu za watu wawili wa kamati wanaopokea simu. Kama kuna mhubiri anatoka nje ya nchi ulizeni Uhamiaji mapema kibali chake cha kuingia kinamruhusu kufanya nini, msidhani visa ya matembezi inatosha. Mkipeleka, toeni nakala mbili, moja wabaki nayo, ya pili wagonge muhuri wa kupokelewa na tarehe, hiyo ya pili mlinde kwelikweli kwa sababu ndiyo itakayowaokoa mtu akija saa 10 jioni kusema hamkutoa taarifa. Polisi wakikataa waombeni wakatae kwa maandishi na sababu, sheria inakupa nafasi ya kukata rufaa kwa Waziri wa Mambo ya Ndani, ila bila karatasi huna cha kukatia rufaa.

Usajili nao. Kanisa au jumuiya inasajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, chini ya Sheria ya Jumuiya. Kama ninyi ni kikundi tu cha vijana wa da'awa au huduma changa ambayo haijasajiliwa, njia ya haraka ni kufanya chini ya taasisi iliyosajiliwa, na barua itoke kwao. Na muwe makini usajili wenu usije ukawa na kasoro za ada na ripoti, maana watu wakitaka kuwafungia huanzia hapo.

Maspika. Hapa watu wengi wanaanguka, yaani malalamiko mengi ninayoyasikia juu ya mikutano ya dini hayahusu mafundisho kabisa, yanahusu kelele. Tuna kanuni za kudhibiti kelele za 2015 chini ya sheria ya mazingira na NEMC, baraza la taifa la mazingira, wanazisimamia, na adhabu zipo. Elekezeni maspika kwenye kiwanja, wasielekezwe kwenye nyumba na hasa wasielekezwe msikitini au kanisani kwa wenzenu. Kama mko karibu na msikiti, adhana ikianza zimeni mtambo mpaka watu wamalize kuswali. Kama mhadhara ni jumapili asubuhi na kanisa liko ng'ambo ya barabara, sogezeni muda uwe mchana. Hili siyo adabu peke yake, kumbuka kuna kosa la kuvuruga ibada na hilo halina utetezi wa uhuru wa dini kwa sababu na wale nao wana uhuru huohuo. Mteueni mtu mmoja wa kamati ambaye kazi yake ni mtambo tu, siyo fundi, mtu wa kamati, na awe na ruhusa ya kushusha sauti hata mhubiri akichukia.

Kwenye mabasi na nyumba kwa nyumba msimamo wangu ni mkali kidogo. Abiria kwenye basi la Dar Mwanza hana pa kwenda, amelipa nauli, ukimhubiria saa nzima umemnyima ile hiari inayotajwa kwenye Katiba. Nyumba kwa nyumba hodi, salamu, omba ruhusa, mwenye nyumba akisema hapana unasema asante unaondoka na husubiri getini. Hospitalini usimkaribie mgonjwa ambaye hakukuita, mtu aliye kwenye dripu siyo wa kubishana naye aya.

Na hapa ndo kwenye kiini cha mjadala wote wa dunia kuhusu sheria za kuhubiri na kubadili dini. Ugiriki walikuwa na sheria tangu 1938 inayofanya kushawishi mtu abadili dini kuwa kosa. Mzee mmoja wa Mashahidi wa Yehova, Minos Kokkinakis, alikamatwa zaidi ya mara 60 maishani mwake, na mwaka 1986 yeye na mkewe walikwenda nyumbani kwa mke wa mwimbaji wa kanisa la Orthodox kule Krete kuzungumza dini, wakashtakiwa. Kesi ikafika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya na mwaka 1993 akashinda, mahakama ikasema kumshawishi mwenzio kwa maneno ni sehemu ya uhuru wa dini, kinachoweza kukatazwa ni ushawishi wa hila au shinikizo. Miaka mitano baadaye, 1998, ikaja kesi ya maofisa wa jeshi la anga la nchi hiyohiyo, Wapentekoste, waliokuwa wakiwahubiria raia na pia askari walio chini yao. Kwa raia wakashinda, kwa askari wakashindwa, kwa sababu askari hawezi kumwambia mkubwa wake "afande sitaki".

Sisi hatufungwi na mahakama ya Ulaya ila busara ile ichukueni. Wewe ni mwalimu, bosi, mwenye nyumba, mkuu wa kitengo, unayetoa ajira au chakula cha msaada, ukimhubiria aliye chini yako hiari yake iko mashakani hata kama hujasema neno baya. Msigawe unga halafu mwite watu mbele palepale. Gaweni siku nyingine, kwa wote, bila orodha ya nani amekuja kwenu.

India wao walikwenda njia nyingine, mwaka 1977 mahakama yao ya juu ilisema haki ya kueneza dini haina maana ya haki ya kumbadilisha mtu dini, na leo majimbo kadhaa yana sheria za kubadili dini zinazotaka mtu atoe taarifa serikalini kabla. Wanaozitetea wanasema maskini wananunuliwa kwa misaada. Hoja hiyo siidharau, kununua imani ya mtu mwenye njaa ni dhambi kwa dini zote ninazozijua. Lakini sheria ya namna hiyo inampa ofisa wa serikali nafasi ya kuamua imani ya mtu ni ya kweli au ya kulipwa, na anayeumia mwishoni ni yuleyule maskini ambaye sasa hawezi hata kuchagua pa kusali. Afadhali Katiba yetu ilivyo, imeandika wazi kwamba kubadili dini ni haki, na wanaotumia vitisho, rushwa au utapeli washtakiwe kwa vitisho, rushwa na utapeli.

Watoto sasa. Aliye chini ya miaka 18 akija mbele anataka kubadili dini, usimbatize wala usimsilimishe siku ile. Mwandikieni jina, ongeeni naye kwa upole, mwambieni arudi nyumbani aongee na wazazi, na nyie mkitaka nendeni kwa wazazi mchana kweupe mkiwa na mjumbe. Nimeona mitaa ikigawanyika kwa ajili ya binti mmoja aliyebatizwa kimyakimya na mwingine aliyesilimishwa kimyakimya, na hakuna aliyefaidika. Mtu mzima akija, mpeni fomu fupi aandike kwa mkono wake kwamba amekuja kwa hiari, atie sahihi, shahidi awepo. Msimpandishe jukwaani kuitukana dini aliyotoka, hata kama ana hamu ya kuongea, huo ushuhuda uahirisheni mpaka damu ipoe.

Rekodini mkutano wote, kuanzia dua ya kufungua mpaka mwisho, bila kukata. Zile klipu za sekunde 40 zinazosambaa WhatsApp ndizo zinazowasha moto, na ukiwa na rekodi nzima unaweza kuonyesha mhubiri alisema nini kabla na baada. Mkirusha mtandaoni mjue kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na kanuni za maudhui zinazosimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, maudhui ya kuchochea chuki za kidini yanakatazwa, na admini wa peji awe anafuta matusi kwenye komenti, asiseme mimi sijaandika.

Polisi wakija katikati ya mkutano mhubiri anyamaze, mtu mmoja tu wa kamati awafuate akiwa na faili, watu wengine wakae. Asipayuke, atoe nakala yenye muhuri. Wakisema simamisheni, simamisheni, mtadai haki yenu kesho ofisini, siyo mbele ya watu 800 waliopandwa na hisia. Akikamatwa mtu ana haki ya kuambiwa kosa lake, na sheria inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au apewe dhamana ya polisi, kwahiyo mtafuteni wakili au msaidizi wa kisheria usiku uleule na andikeni jina la kituo na la askari aliyempokea.

Na wewe ambaye siyo mhubiri, umesikia dini yako inakashifiwa na moyo unachemka, una njia pia. Andika maneno yenyewe yaliyosemwa, siyo ulivyojisikia, andika saa na mahali, tafuta wawili waliosikia, kisha nenda polisi au kwa kamati ya amani ya viongozi wa dini kama wilaya yenu inayo. Ila jiulize kwanza, nimetukanwa au nimesikia tu imani isiyo yangu? Ikiwa ni hiyo ya pili huna kesi, mahakama imeshasema.

Mkivuka mpaka msibebe sheria za kwetu. Kenya wana ibara ya 32 ya Katiba ya 2010 inayolinda dini na Kanuni yao ya Adhabu nayo ina kosa la kuumiza hisia za kidini, na tangu Shakahola 2023, ambako ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri aliyedaiwa kuwahimiza wafunge mpaka kufa, mjadala wa kudhibiti wahubiri kwa sheria mpya umekuwa mkali. Rwanda sheria ya 2018 inataka viongozi wa makanisa wawe na elimu ya theolojia na majengo yakidhi viwango, makanisa kwa maelfu yamefungwa, usiende kufungua huduma kule kwa maombi tu.

Wanaokwenda nchi za Ghuba, Uarabuni, kufanya kazi wasome kwa makini zaidi. Qatar, sheria ya adhabu ya 2004, kueneza dini isiyo Uislamu ni hadi miaka 5 jela ukiwa mtu binafsi na hadi miaka 10 ukifanya kwa niaba ya taasisi, na hata kuwa na vitabu au rekodi za kueneza dini kuna adhabu yake. Biblia yako moja ya kusoma ni jambo lingine, ila usipakie katoni ya vipeperushi. Oman kuhubiri hadharani kushawishi watu hakuruhusiwi, kukashifu Uislamu kunaweza kukupa miaka 3 hadi 10, lakini ibada ipo kwenye maeneo yaliyotengwa, Ruwi na Ghala pale Muscat, pia Sohar na Salalah, na ibada nyingi ni ijumaa kwa sababu ndiyo mapumziko. Doha kuna eneo la makanisa Mesaimeer. Saudia hakuna kanisa kabisa. Dada anayekwenda kazi za ndani aulize kwa ajenti kabla ya kusaini mkataba kama siku yake ya kupumzika ni ijumaa na kama ataruhusiwa kutoka kwenda kusali, iandikwe kwenye mkataba, na akifika asimforwadie mtoto wa bosi mahubiri kwenye simu hata kama mtoto mwenyewe ndiye aliyeuliza.